Uniandikie Njia

Goma, Katindo, 3 Septemba 2012

Papa Télesphore,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wote wa kilimani. Hunijui. Mimi naitwa Kahindo Henriette. Nimechukua nafasi ya Sikuli kwenye biro ya wanyama, maana yeye amehamia Bukavu, kwenye kazi ya misaada. Kabla hajaondoka aliniambia: "Ukipata shida na karatasi za Masisi, mwandikie Papa Télesphore, mkuu wa wafuatiliaji wa wanyama." Shida nimeipata.

Karatasi zenu zote ziko mezani kwangu. Nimesoma habari za sokomutu, wale sokwe waliokuja na watoto, na nguruwe wa pori, na yule chui mmoja ambaye Shefu Julien, mkubwa wa biro yetu, hachoki kumtaja. Kazi yangu ni kuwaingiza wote kwenye ordinatere, hii kompyuta ya biro, ili wajulikane mpaka Kinshasa na ng'ambo. Lakini ordinatere inawakataa. Kwa kila mnyama inataka njia, na kwenye karatasi zenu hakuna njia hata moja.

Naomba basi uniandikie njia. Wakubwa wanazitaka kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi. Wakizikosa wataandika kwamba pori lenu ni tupu, na wewe unajua pori tupu hupewa nani. Wachoma makala, watu wa mkaa, wameshaanza kuuliza.

Simu kwenu haiingii tangu mnara ulipochomwa, kwa hiyo barua hii inapanda na Mama Lucie, yule anayeshusha jibini. Jibu pia mpe yeye.

Wako,
Kahindo Henriette


Masisi, kilimani, 10 Septemba 2012

Mama Henriette,

Aksanti kwa salamu. Barua yako nimeisoma, nikampa katekista, naye akaisoma, tukatazamana.

Unaomba njia ya wanyama. Mama, sokomutu hana njia. Anapita pale matunda yameiva, kesho anapita pengine. Nguruwe ana njia, lakini anaibadilisha akisikia mbwa. Chui ndiye usiniulize kabisa. Sasa sijaelewa: unataka njia ya wanyama, ama njia yetu sisi tunaowafuata?

Na hao wakubwa ni akina nani? Usikasirike nikiuliza. Biro yenu iko Katindo, na Katindo kuna kambi ya askari, tunajua ni nani mnasalimiana naye kila asubuhi barabarani.

Hapa vita vimetusogelea. Watu wa kilima cha pili wameshuka na magodoro kichwani, wamejaa kwenye madarasa ya shule. Wengine hawakufika shuleni. Sitaandika wako wapi.

Sikuli alikuwa anapanda mwenyewe, anakula viazi nasi, anauliza kwa mdomo. Msalimie.

Télesphore


Goma, Mabanga, 14 Septemba 2012

Yaya Sikuli,

Simu yako kila siku inaniambia haipatikani, ndiyo maana natuma barua kwa boti. Nisaidie, kichwa kinaniuma.

Ulipoondoka, Shefu Julien aliamua kolona zote, zile safu za banki ya data, ziitwe kwa Kiswahili, eti wafuatiliaji wasome wenyewe bila kusumbuka. Aligeuza majina yote siku moja, mwenyewe, akafurahi sana. Sasa nina kolona mbili, zote zinaitwa "njia". Nikijaza ya kwanza, ya pili inabaki wazi na mashine inapiga kelele. Nikijaza ya pili, maneno yanarukia ya kwanza. Nilipojaribu kuingiza karatasi za Masisi zote kwa pamoja, sokomutu wote walirudishwa, kima wote wakakubaliwa, na sielewi tofauti yao ni nini.

Nimemuuliza shefu njia hiyo ni kitu gani. Amesema, "Ni namna walivyowapata wale wanyama. Waliwaona kwa macho, waliona nyayo, au walitega kamera. Mwulize Télesphore." Nimemwuliza. Ananijibu mambo ya matunda na mbwa. Ni mzee sana? Ama ananicheka?

Mdogo wako,
Henriette


Goma, Katindo, 15 Septemba 2012

Papa Télesphore,

Asante kwa jibu. Labda mimi ndiye sikusema vizuri. Siulizi njia za wanyama. Nauliza njia zenu ninyi. Kila mlipoingia porini mlitumia njia gani? Kama siku moja mlitumia njia mbili, andika zote mbili. Na ile ya mtego ndiyo muhimu kuliko zote, shefu anaitaka kwanza. Usifiche hata moja, tafadhali, maana mashine haikubali nusu.

Wakubwa ni wa Kinshasa tu, Papa, wenye biro kama yetu. Wasikutie wasiwasi.

Poleni sana kwa vita. Nawaombea.

Kahindo Henriette


Masisi, kilimani, 28 Septemba 2012

Joyeuse mutoto wangu,

Karatasi hii ukishaisoma itie motoni. Kule juu mlikojificha mnaendeleaje? Mama Mukamugema amepona kikohozi? Waambie wamama wasiwashe moto mchana.

Kuna mwanamke wa Goma ananiandikia. Sikuli ameondoka, huyu amekaa kwenye kiti chake. Mara ya kwanza aliomba njia. Nikajifanya sijaelewa. Mara ya pili akaomba njia zetu sote za porini, nisifiche hata moja, na kwanza kabisa ile ya mtego. Mutoto wangu, mutu wa wanyama anataka kujua tumetega watu wapi? Na sisi hatujatega mutu yeyote. Huyo ametumwa, hata kama mwenyewe hajui.

Nikikataa watakuja kuuliza kwa njia nyingine. Kwa hiyo nimemwandikia njia ya uongo, ile ya daraja la zamani ambako hakuna mutu anayefika tena. Wakiifuata watachoka na kurudi. Ninyi kaeni palepale.

Baba yako


Masisi, kilimani, 28 Septemba 2012

Mama Henriette,

Njia ni hii. Ukipita Sake, panda mpaka kiwanda cha majani ya chai kilichobomoka. Pale acha barabara kubwa, shika mkono wa kushoto, fuata kijito mpaka daraja la miti. Vuka. Ng'ambo ya daraja ndiko kwenye wanyama. Tunatumia hiyo tu, hakuna nyingine.

Mitego hatuna.

Télesphore


Goma, Katindo, 8 Oktoba 2012

Papa Télesphore,

Nimepata barua yako, na sasa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Unasema mitego hamna, na mimi mezani nina picha ya chui iliyotoka kwenye mtego wenu! Njia uliyoandika nimeiingiza kwenye kolona ya kwanza, mashine ikakubali bila kelele. Nimeiingiza kwenye ya pili, ikakataa. Sasa sokomutu wenu wote wana njia inayosema "shika mkono wa kushoto". Sijui kama nicheke.

Lakini Shefu Julien amefurahi kweli. Alisema, "Tangu Sikuli aondoke hakuna hapa anayejua kufika kule, na mzee ametupa ramani bila kuombwa!" Kwa hiyo ametoa ruhusa. Samy, mume wangu, ambaye ni motard wa biro, anakuja kwenu na pikipiki kuchukua kadi za kamera. Anawaletea pia chumvi, dawa za malaria na mablanketi kwa wale watu wa shuleni. Ataondoka kesho, atafuata njia yako neno kwa neno. Mama Lucie anapanda Ijumaa tu, nadhani Samy atakuwa ameshakula viazi vyako kabla hujasoma haya.

Mpokee kama mwanao. Anapenda kuongea, mvumilie.

Henriette


Bukavu, 9 Oktoba 2012

Henriette,

Nilikuwa Kalehe, barua yako imenikuta leo tu. Soma hii umekaa.

Zile kolona mbili si kitu kimoja. Ya kwanza zamani iliitwa itinéraire: ni kule watu walikopita kwa miguu. Ya pili iliitwa méthode: ni namna mnyama alivyopatikana, kwa macho, kwa nyayo, kwa kamera, kwa kuuliza wenyeji. Shefu amezipa zote jina la "njia", maana kwa Kiswahili zote ni njia kweli. Mashine haijui Kiswahili, inaona jina moja, inachanganya. Kima walikubaliwa kwa sababu niliwaingiza mimi kabla majina hayajageuzwa. Badilisha la pili liitwe "namna ya kupata" na shida ya mashine imekwisha.

Lakini mimi naogopa shida nyingine. Umemwomba Papa Télesphore njia? Kwa neno hilo hilo? Na "mtego" pia? Mdogo wangu, kule juu kuna wamama na watoto waliojificha porini, na mzee ndiye anayejua wanapopitia. Mutu akimwandikia kutoka Katindo kwamba anataka njia zote na mtego, yeye atasikia nini? Hatakujibu ukweli. Ningekuwa mimi nisingekujibu ukweli. Kitu chochote alichokuandikia, usikitumie. Mwandikie upesi umweleze.

Sikuli


Goma, 12 Oktoba 2012

Papa Télesphore,

Barua hii nimeipa gari la mapadri, nimewaomba wakupe mkononi. Nisikilize, sikutaka barabara! Sikutaka kujua mnapita wapi. Nilitaka kujua sokomutu mlimwona kwa macho ama mliona nyayo zake. Mtego ni kamera, Papa, kamera tu! Neno lilikuwa moja na mimi sikuliona.

Samy aliondoka Jumanne kwa ile njia uliyoandika. Hajarudi. Motard wenzake wa Ndosho walimwona akipita Sake, baada ya hapo hakuna aliyemwona. Niambie ile njia ni ya kweli. Hata ukiniambia mimi ni mujinga, niambie kwanza hilo.

Henriette


Masisi, kilimani, 13 Oktoba 2012

Mama Henriette,

Mama Lucie amenipa barua yako ya tarehe nane sasa hivi, mbele ya mlango. Ile njia ni ya uongo. Daraja halipo, liliondoka na mvua ya mwaka jana. Limebaki bonde na ukungu. Niliwaandikia hivyo kwa sababu niliwaogopa.

Mume wako sikumjua. Ungeniambia mapema kwamba una mume!

Tunaenda na wanaume kumtafuta. Namwita na binti yangu Joyeuse, alisomea uuguzi. Kama yuko hai tutamshusha Sake kwa njia yetu ya kweli, kwa sababu ile kubwa imejaa bunduki. Omba Mungu.

Télesphore


Goma, Mabanga, 22 Oktoba 2012

Papa Télesphore,

Samy yuko hai. Yuko hospitali, mguu umevunjika mahali pawili, mbavu zinamuuma akicheka, na hata hivyo anacheka.

Ameniambia yote. Moto yake, ile pikipiki, iliteleza pale daraja lilipokuwa, akaanguka nayo bondeni. Alikunywa maji ya kijito, akala chumvi yenu na maji hayo. Alisikia mutu anamwita kwa jina kutoka juu, akadhani ni malaika, kumbe ni wewe, mzee mwenye koti la mvua. Anasema ulimuuliza kwanza, "Mke wako ni Henriette?" Akajibu ndiyo. Ukasema, "Basi mlete hapa nimpige," halafu ukavua koti ukamfunika.

Anasema mlimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, kupita pale wamama walipojificha, na wamama wakampa uji. Anasema bunduki zililia nyuma yenu, wewe ukawaambia wabebaji waendelee, ukarudi mbio kuwahamisha watu. Karibu na Sake bunduki zililia tena, mbele safari hii, wabebaji wakatawanyika. Joyeuse hakukimbia. Alimvuta Samy mpaka shambani kwa mutu, akakaa naye mpaka wakapata gari la mboga.

Joyeuse yuko kwangu, Mabanga. Nakuandikia hasa kwa ajili ya hilo, usiwe na wasiwasi. Ni mzima. Anaamka kabla yangu, anafagia, anakwenda kubadilisha bandeji za Samy kwa sababu haamini mainfirmiya, wauguzi wa hapa. Anauliza kila siku kama Mama Lucie amepita na habari zako, na Mama Lucie hajapita.

Sijui nikuombe msamaha kwa neno lipi. Niandikie.

Henriette


Goma, 11 Desemba 2012

Yaya Sikuli,

Tuko hai. Mji ulichukuliwa, ukaachwa, umesikia kwenye radio. Tulilala chini ya kitanda sote watatu, Samy na gipsi ya mguu wake ikitokeza nje. Biro imevunjwa. Ordinatere zimekwenda zote, karatasi za Masisi zimetapakaa uani zikilowa, nimeziokota nyingi nimezianika juu ya sofa.

Mama Lucie alikuja jana na barua yangu kwa Papa Télesphore, haijafunguliwa. Anasema kule juu hakuna mutu. Shule imeungua. Wengine wanasema waliovuka wako Uganda, wengine wanasema hawakuvuka. Sikujua nimwambie nini Joyeuse, nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua maharagwe.

Unadhani nani anajua? Niulizie kwa watu wako wa misaada.

Henriette


Kambi ya wakimbizi, Uganda, 17 Februari 2013

Mama Henriette,

Mutu wa misaada ameniuliza kama mimi ndiye Télesphore wa wanyama, akanipa jina lako na anwani. Sikutaka kukuandikia. Lakini humu siku ni ndefu.

Nilirudi kwa watu kama ulivyosikia, kama umesikia. Wenye bunduki walituona tukimbeba mume wako mchana, wakajua tunapopitia. Tuliwahamisha wote usiku ule. Mama Mukamugema hakuweza, kikohozi kilimkamata milimani, tumemzika upande wa huku. Wengine tumefika.

Kuhusu wabebaji nilipata habari kwa watu wa Sake. Walisema tipoyi imekutwa barabarani ina damu, na waliokuwa nayo wameuawa. Nimemlilia mume wako kwa sababu alikuwa mutu wa kuchekesha hata akiwa na mfupa nje. Binti yangu sijui kumlilia. Nikianza naona nitakosa pa kuishia. Nilimwita mimi mwenyewe ashuke kutoka mahali salama. Nilimbeba mume wako, nikampoteza mutoto wangu, na mume wako pia hakufika.

Padri wa gari alinipa ile barua yako nyingine porini, nikaisoma nikiwa nakimbia. Kamera! Mama, ungeniuliza "mlimwona namna gani", mutoto wa darasa la kwanza angekujibu. Na mimi ningemuuliza Mama Lucie wewe ni mutu gani, angenijibu. Hatukuuliza. Siku nyingine nasema kosa ni lako, siku nyingine ni langu, siku nyingine ni la waliochoma mnara. Sijui niliweke wapi.

Andika basi, kama bado kuna mutu anayetaka kujua. Sokomutu tuliwaona kwa macho. Nguruwe ni nyayo na kinyesi. Kima tuliwasikia, tukahesabu sauti. Chui ni kamera. Paa wale wawili tuliambiwa na wachungaji, sisi hatukuwaona. Pori halikuwa tupu.

Télesphore


Goma, Mabanga, 3 Machi 2013

Baba,

Ni mimi Joyeuse. Ni mwandiko wangu, utazame vizuri, ile "y" unayosema inafanana na mkia wa mbuzi.

Sikufa. Damu ya tipoyi ilikuwa ya Samy. Wabebaji wawili walifika Goma baadaye, mmoja yuko Ndosho anatengeneza viti. Samy anatembea na fimbo, yuko hapa pembeni ananisumbua niandike kwamba mke wake bado anangoja zile fimbo ulizomwahidi.

Barua yako ilifika wakati Henriette yuko kisimani. Nilimngoja. Alipoona mwandiko alikaa chini na ndoo, maji yakamwagika yote. Tuliisoma pamoja. Alilia kwa Mama Mukamugema, na mimi nikalia, halafu tukaanza kupiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza ni msiba ama ni harusi.

Baba, nilikuwa nimeshakubali kwamba umekufa. Nilivaa nyeusi mwezi mzima. Wewe ulikuwa unanilia mimi, mimi nakulilia wewe, na sote tuko hai, tunakula.

Henriette alikuandikia mwezi wa kumi kwamba niko kwake, barua ikarudi. Ameiweka ndani ya bahasha hii uone mwenyewe. Anaogopa kukuandikia leo. Anasema ataandika akipata maneno. Mimi sijui kama unamkasirikia, na sikuombi usimkasirikie. Nakuambia tu kwamba nilipokuwa siwezi kulala alikaa nami kitandani, na kwamba kitenge nilichovaa ni chake.

Kuhusu wanyama: Shefu Julien amepata ordinatere moja ya zamani. Henriette amewaingiza wote kwa maneno yako, hata paa wa wachungaji. Wamekubaliwa. Alirudia mara nyingi kuwatazama, akaniita nami nitazame. Niliona majina ya vilima vyetu yamejipanga na wanyama wake, na nikafikiri sasa ni wao tu wanaokaa kule.

Basi linatoka Alhamisi. Mama Lucie ana dada yake mpakani, nitalala kwake, Ijumaa asubuhi nitavuka na watu wa misaada, jina langu wanalo. Nakuletea koti, viatu na jibini.

Nimesikia kwa watu wa misaada kwamba umeshaomba ruhusa ya kutoka kambini kuja kutafuta kaburi langu. Baba, usitoke. Usiende getini, usiende barabarani, usimfuate mutu yeyote anayesema ameniona. Kaa mbele ya nyumba yako. Safari hii wewe ukae, mimi nije.

Binti yako,
Joyeuse